Sukari ya Don Tello

Asubuhi ambayo kamati ya mtaa wa Cerro Guamá iliamua kumkabidhi Abdiel Feliciano kwa polisi, ukungu ulikuwa umeingia hadi darasani. Wajumbe walikuwa wamekalia viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakikaribia videvu, na kila aliyesema alikuwa kama anasemea ndotoni. Tangu kimbunga kipite, mlima mzima ulikuwa na hali hiyo. Miti haikuwa na jani hata moja. Vilima ambavyo watu hawakuwahi kuviona tangu wazaliwe vilikuwa vimejitokeza madirishani, vya kahawia na vitupu, na mtu akiamka ilimbidi afikiri kidogo kabla ya kukumbuka yuko wapi. Kama leo ilikuwa Jumanne au Alhamisi, kila nyumba ilikuwa na jibu lake.

"Mnalisikia?" aliuliza mwenyekiti, Don Wito Arzuaga.

Walilisikia. Mbali huko chini katapila lilikuwa linakwangua udongo ulioporomoka na kuziba barabara.

"Mchana litakuwa hapa, na polisi nyuma yake. Nataka wakifika wamkute mtu wetu yuko tayari." Don Wito alikuwa dereva wa basi la shule maisha yake yote, na hadi leo alizungumza na watu wazima kana kwamba wanarukaruka kwenye viti vya nyuma. "Wanaokubali, mikono juu. Mkono mmoja mmoja, Chago. Wewe si watu wawili."

Mikono ilipanda yote isipokuwa ya Iraida Maysonet. Yake ilikuwa imetulia mapajani, juu ya kofia ya pama.

"Iraida, mabega yanauma?"

"Hayaumi. Nataka kwanza nielewe tunamkabidhi kwa kosa gani."

"Kosa gani!" Don Wito aliwageukia wenzake aone kama wamesikia. "Jenereta ya Don Tello imekutwa kwenye kibanda cha pampu, imefunikwa gunia. Don Tello mwenyewe haonekani; mkewe anasema eti kaenda mjini Arroyo, na nani aliyemwona akivuka? Kofia yake imeokotwa mtoni, hiyo hapo umeiatamia kama kuku. Unataka nini tena, picha?"

Iraida alikuwa mpelelezi wa polisi kule mjini Ponce hadi goti lilipomstaafisha, akarudi mlimani kulima kahawa. Kimbunga kilipoing'oa kahawa yote, kamati ilimpa kazi nyingine: kuwatafuta wasioonekana. Aliwapata. Mmoja alikuwa kwa mkwewe, wawili walikuwa wamejificha ndani ya tangi tupu la maji na kulala usingizi mzito. Alibaki Don Tello Vélez peke yake, mzee mwenye mapafu mabovu, ambaye hakuwa na uwezo wa kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila mrija wa oksijeni puani. Ile jenereta ndiyo iliyokuwa ikiendesha mashine yake. Na jambo la kwanza kabisa ambalo kamati ilipitisha baada ya upepo kutulia, watu wote wakiwa wamelowa na wengine wakilia, lilikuwa hili: jenereta ya mgonjwa haiguswi.

Iraida aliigeuza kofia. Akainusa. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akakitazama.

"Nani aliiokota?"

"Wanawake wa kufua. Ilikuwa juu ya jiwe kubwa, pale pa kuvukia. Kijana kamsukuma mzee majini, jenereta kaichukua. Hesabu ya darasa hili hili."

"Jana yake mto ulikuwa umejaa?"

"Mpaka kwenye migomba."

"Na hii kofia haina tope hata la dawa." Alisimama, goti likalia. "Mto haukuigusa, Wito. Mtu aliiweka pale baada ya maji kushuka, ili ionekane. Sasa niambie, muuaji gani anatembea na kofia ya marehemu na kuitundika njiani?"

Don Wito aligeukia dirisha, kule kulikotoka sauti ya katapila.

"Nipe mpaka katapila lifike," Iraida alisema. "Nikirudi mikono mitupu, mkono nitaunyoosha mwenyewe."

Abdiel alikuwa amefungiwa darasa la jirani, mlango umekazwa kwa kamba ya kuanikia nguo ambayo angeikata kwa kuvuta pumzi kama angetaka. Alikuwa jitu la miaka thelathini hivi, fundi wa pampu. Maji ya Cerro Guamá hayakuwa ya serikali. Kisima, pampu na mabomba vilikuwa mali ya watu wenyewe, na Abdiel ndiye aliyevilinda kama mboni ya jicho. Alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kimeegemea ukuta, akisikiliza kitu.

"Inakohoa," Abdiel alisema, Iraida alipoingia. "Sikia. Ni filta ya hewa. Doña Iraida, mwambie mtu aisafishe, la sivyo jioni hamna maji."

"Umeipata wapi hiyo jenereta?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Hilo usiniulize, mama yangu."

"Mimi nakuuliza kwa upole. Wanaokuja na katapila hawatauliza kwa upole. Watakutia pingu na kukuteremsha mpaka jela, na huko nani atajua kama filta ni chafu au safi?"

Abdiel aliitazama mikono yake. Ilikuwa na grisi ambayo haitatoka tena.

"Niliapa," alisema. "Lakini si ataeleza mwenyewe akirudi? Kwani bado hajarudi?"

Iraida alikuwa ameshika kamba ya mlango. Aliiachia.

"Nani hajarudi?"

"Don Tello. Kutoka Arroyo, kwa dada yake. Kule hospitali ina umeme."

"Alikuaga?"

Kijana aling'amua kuwa ameteleza. Akajaribu kunyamaza, lakini hakuwa na kipaji cha kunyamaza.

"Abdiel, nusu umeshaimwaga. Malizia."

"Aliniita pale uani kwake," alisema taratibu. "Mkewe, Doña Monse, alikuwa ameenda kufua. Wakati ule watu walikuwa wanakunywa maji ya mtoni, unakumbuka? Watoto wa Chago wanaharisha, mama mkwe wa Nere mpishi hajitambui. Mimi pampu ninayo, nguvu ya kuisukuma sina. Akaniambia, chukua hii. Nikamwambia, Don Tello, kamati imekataza. Akanicheka. Akasema mpwa wake anakuja kumchukua kwa njia ya mtoni, na ana mitungi ya oksijeni imejaa, itamfikisha. Niliiona mlangoni, miwili, ya kijani. Akasema nisimwambie mtu, Wito atairudisha na Monse atamwandama mpaka Pasaka. Nikaibeba mgongoni."

"Ulimwona huyo mpwa?"

"Hapana."

"Ulimwona Don Tello tena?"

"Nitamwonaje na yuko Arroyo?" Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Akirudi nitaupaka mlango wake rangi upya. Ile ya kijani imebanduka."

Iraida alitoka akafunga kamba nyuma yake. Alikuwa amehoji wauaji wengi, na kati yao hakumkumbuka hata mmoja aliyeshika kopo la rangi akimsubiri marehemu arudi.

Jikoni kulikuwa na wali, mbaazi na soseji za kopo, na nyuki. Maua yote ya mlimani yalikuwa yameondoka na upepo, na nyuki waliobaki walikuwa wamepagawa kwa njaa. Waliingia vikombeni, wakatua midomoni mwa watu, wakatembea juu ya mifuko ya sukari bila kumdunga mtu, kama wageni waliochoka sana. Nereida, mpishi wa kamati, aliwapunga kwa kifuniko cha sufuria huku akizungumza nao.

"Tokeni, wanangu. Nendeni kwa Wito, ana damu tamu. Iraida, kahawa?"

"Baadaye. Nere, Doña Monse anakuja hapa?"

"Kila asubuhi. Chakula chake, halafu kikombe cha sukari."

"Sukari? Monse?"

"Ndiyo na mimi nikashangaa! Tangu tukiwa wasichana yule anakunywa kahawa chungu kama dawa, ukimwekea sukari anakutukana ukoo mzima. Nikamuuliza. Akasema ni ya Tello." Nere alisogea karibu, akashusha sauti. "Mimi nakwambia Tello yumo mle ndani. Kajificha. Hana hamu ya kumweleza Wito kwa nini katoa jenereta. Unadhani Monse angekuwa mkavu vile kama mume hayupo? Nenda, funua shuka chumbani, utamkuta anacheka."

Lilikuwa wazo zuri, na Iraida alitamani sana liwe kweli. Nere aliinua nyundo akaenda mlangoni kugonga kengele ya chakula. Kengele yenyewe ilikuwa mtungi wa chuma uliotundikwa kwa mnyororo, wa kijani, na mlio wake ulienda ukapotelea kwenye ukungu.

"Huu umeutoa wapi?"

"Monse alinipa. Siku ya pili baada ya maji kurudi bombani. Nilimwambia si mtamwekea Tello ujazwe? Akasema huu mtupu tangu wiki ya kimbunga, unachukua nafasi bure."

"Walikuwa na miwili."

"Wa pili huo hapo." Nere alionyesha kwa mguu. Mtungi wa kijani ulikuwa umesimamishwa sakafuni kuzuia mlango usijifunge. "Huo nao mtupu. Kwani vipi? Iraida? Umekuwa mweupe."

"Goti," Iraida alisema.

Alipanda polepole. Kwa kawaida njia ya kwenda kwa Doña Monse ilikuwa handaki la majani. Sasa mwanga uliidondokea wazi, na Iraida alipita kama mtu anayepita katikati ya nyumba ya jirani iliyoezuliwa. Kimya kilikuwa kikubwa. Hata wale vyura wadogo wanaoimba usiku kucha kisiwani kote walikuwa bado hawajapata sauti. Lakini mti mmoja wa mguamá, uliovunjika juu, ulikuwa umeanza kuchipua shina zima, kijani kibichi kila mahali, hata pasipostahili. Iraida aliugusa alipopita. Nyuma yake katapila lilikuwa limekaribia, na sauti yake ilikuwa imebadilika: lilikuwa limeacha udongo laini, sasa linasukuma mawe.

Nusu ya paa la Doña Monse lilikuwa turubai la buluu. Ndani kila kitu kilikuwa cha buluu, kuta, sahani, na uso wa mama mwenye nyumba, na turubai lilipopandishwa na kushushwa na upepo, mwanga ulitembea sakafuni kana kwamba nyumba imekaa chini ya bahari. Doña Monse alimimina kahawa bila kuulizwa. Alikuwa mwembamba, nywele amezichana vizuri.

"Umekuja kwa ajili ya kijana," alisema.

"Wanamkabidhi leo."

"Niliwaambia hajafanya kitu. Niliwaambia Tello kaenda Arroyo."

"Hawakuamini. Wameona kofia, wakafikiri mto."

"Kofia niliiweka..." Doña Monse aliweka birika chini. "Kofia ilikuwa ionyeshe kwamba kavuka. Mwenye akili angeona kavuka."

"Kamati yetu, Doña Monse. Unawajua."

Yule mama karibu acheke. Iraida alionja kahawa. Ilikuwa chungu ya kukunja uso. Aliinuka na kikombe mkononi, akazunguka chumbani kama mgeni anayetazama picha, na kwa kuwa mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, alichungulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mashine ya oksijeni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha sikukuu, na mrija umekunjwa vizuri juu yake. Hapakuwa na mtu anayecheka chini ya shuka.

Kisha akamwona Antonio.

Mtakatifu Antonio wa mbao alisimama rafuni, amefutwa vumbi, uso umeelekea watu. Cerro Guamá nzima ilijua kazi ya Antonio. Ukipoteza ufunguo, mbuzi au mume, unampindua kichwa chini, au unamgeuza uso ukutani, na hasimami tena mpaka akurudishie chako. Mama yake Iraida aliwahi kumning'iniza msimu mzima kwa sababu ya mbuzi. Baada ya kimbunga, simu zikiwa zimekatika na watoto wako mbali, hapakuwa na nyumba moja mlimani ambayo Antonio wake alikuwa wima. Iraida alikuwa ameingia kila nyumba. Alikuwa amewaona wote, miguu juu, wakitumikia adhabu.

"Huyu mbona amesimama?" aliuliza.

Doña Monse aliifuta meza, ingawa ilikuwa safi.

"Mumeo haonekani mlima mzima, Doña Monse. Hata Wito kampindua wa kwake kwa ajili ya Tello. Wewe humtafuti?"

Turubai lilipanda, likashuka. Nyuki mmoja aliingia kwa dirisha la mbele, akapita juu ya meza, juu ya kahawa chungu isiyomvutia, akatokea mlango wa nyuma. Akafuata mwingine, na mwingine, kwa mstari mmoja, kama watu wanaokwenda misa. Iraida aliweka kikombe mezani akawafuata.

Uani migomba ilikuwa imelala chali. Nyuma yake, mahali ambapo bati lililong'oka lilikuwa limesimamishwa kukinga mvua, palikuwa na kipande cha ardhi kilichochimbwa na kusawazishwa, kimezungushiwa mawe ya mtoni. Juu yake kulikuwa na kikombe cha bati cha kahawa, na udongo uliokizunguka ulikuwa mweusi kwa kumwagiwa. Nyuki walikuwa wamejaa. Walipanda na kushuka mdomoni mwa kikombe, na mlio wao ulikuwa mzito na wa upole, sauti pekee nzima katika uwanja ule uliokufa. Iraida alivua kofia yake.

"Anapenda tamu mpaka meno yaume," alisema Doña Monse nyuma yake. "Nilimpigia kelele miaka yote kwa sukari hiyo. Sasa nampa anavyotaka."

"Ulichimba peke yako?"

"Na nani mwingine? Barabara hakuna, padri hakuna. Niliomba rozari zote tisa za marehemu peke yangu, nikaitika mwenyewe." Sauti yake ilikatika, akaikaza. "Nilirudi kutoka kufua, nikakuta nyumba kimya. Ile mashine haingurumi. Amekaa kitandani, midomo ya zambarau, anatabasamu kama mwizi. Nikasema nani kaichukua, nakimbia kuirudisha. Akanishika hapa." Alishika kifundo cha mkono wake. "Akasema, mitungi imekwisha, mafuta nayo yanakwisha, wiki ijayo nitakuwa hivi hivi, Monse, tofauti ni watoto wa Chago tu. Nikataka kwenda hivyo hivyo. Hakuniachia. Hakuwa na pumzi lakini hakuniachia. Jioni bomba la jikoni likaanza kukoroma, unajua linavyokoroma maji yakija? Akasikia. Akacheka mpaka akakohoa. Kulipokucha hakuwepo."

Iraida alilia. Hakujaribu kuficha, na Doña Monse hakujaribu kumbembeleza.

"Akaniapisha," mama yule aliendelea. "Abdiel asijue. Alisema yule kijana akijua, ataizima. Na akishaizima, hataweza kunywa maji ya mlima huu maisha yake yote. Ndiyo maana Tello yuko Arroyo. Angekaa Arroyo mpaka kijana azeeke."

Chini yao katapila lilinguruma, likanyamaza. Sauti za watu zilisikika, wakishangilia. Barabara ilikuwa imefunguka.

"Nikinyamaza, anakwenda jela," alisema Iraida. "Nikisema, anabeba kilicho kizito kuliko jela. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na leo sijui."

"Nilimwahidi Tello."

"Abdiel naye alimwahidi. Anakwenda na pingu na bado kafunga mdomo. Mumeo kawafunga ninyi wawili, halafu yeye kajilalia."

Doña Monse alicheka ghafla, na kicheko kikageuka katikati. Alijifuta kwa ncha ya aproni. Kisha aliinama, akawapungia nyuki taratibu, akachukua kile kikombe cha bati na kumwaga kahawa iliyobaki juu ya udongo.

"Usiseme wewe," alisema. "Ni wangu. Nitasema mimi."

Darasani Abdiel alikuwa tayari amesimamishwa mbele, kamba ya nguo mikononi, na Don Wito alikuwa amevaa shati safi kwa ajili ya polisi. Doña Monse aliingia, kile kikombe cha bati mfukoni mwa aproni, Iraida nyuma yake. Hakukaa. Alimwendea kijana moja kwa moja, akaanza kufungua ile kamba huku anazungumza, bila kupaza sauti, kana kwamba anamsimulia habari za jirani. Alieleza yote. Mitungi, kifundo cha mkono, bomba lililokoroma, rozari. Chago alifunika uso. Nere, aliyekuwa mlangoni, aliutazama mtungi uliotundikwa, akaiweka nyundo chini.

Abdiel alisikiliza hadi mwisho.

"Alisema imejaa," alisema.

"Alikudanganya, mwanangu. Alikuwa mwongo mkubwa."

"Kesho yake asubuhi?"

"Kulipokucha."

Kamba ilidondoka. Abdiel alitoka. Hakuna aliyemzuia. Walimwona akiteremka kwa kibanda cha pampu, akiinamisha mabega kupita mlangoni, na baada ya muda ule mngurumo ambao walikuwa wameuzoea hadi hawausikii tena ulikohoa na kufa. Kimya kilishuka juu ya Cerro Guamá. Jikoni bomba lilitoa uzi wa maji, kisha matone, kisha basi.

"Nendeni mkamwambie aiwashe," alisema Don Wito, lakini sauti ya dereva wa basi haikuwepo, na hakuna aliyetikisika.

Doña Monse alikwishatangulia. Iraida alimfuata kwa umbali, goti likimtukana. Alimkuta kijana ameketi sakafuni kando ya jenereta, ameikumbatia, mabega yanaruka. Doña Monse alimpita. Alishika kishikio cha kamba ya kuwashia, akaweka mguu mmoja kwenye fremu, akavuta. Haikuwaka. Akavuta tena. Alikuwa mwepesi mno, kamba ilikuwa inamvuta yeye.

"Acha, Doña Monse," kijana alisema.

"Sogea. Nitavuta mpaka mikono ing'oke."

Akavuta tena. Mara ya nne Abdiel aliinuka, machozi mpaka shingoni, akapenyeza kidole mahali fulani, akatoa filta, akaikung'uta gotini, akairudisha. Halafu mkono wake mkubwa ukafunika ule wa mama juu ya kishikio, wakavuta pamoja.

Juu, kwenye uwanja wa shule, askari kijana mwenye buti safi alikuwa ameshuka garini akimtafuta mwenyekiti.

"Tumeambiwa mna mtuhumiwa."

Don Wito alitazama kibandani, ambako injini ilikuwa imeanza kunguruma, kisha akamtazama Iraida aliyesimama mlangoni mwa kibanda, kofia kifuani.

"Hakuna mtuhumiwa hapa, afisa," alisema. "Hapa tuna msiba. Vua kofia."

Ndani ya kibanda, bomba dogo la kupimia maji lilianza kukoroma. Doña Monse alikinga kile kikombe cha bati. Maji yalikuja ya kahawia, akayamwaga. Yakaja meupe, akakijaza mpaka pomoni, akamshikisha Abdiel kwa mikono miwili.

Kijana alitikisa kichwa.

"Kunywa," alisema Doña Monse.

Alikitazama kikombe muda mrefu. Nyuki mmoja alitua ukingoni, pale palipobaki sukari. Abdiel alimsubiri aondoke, kisha akanywa, akameza kwa shida, na hakuacha mpaka kikombe kikawa kitupu.